Zuwakulu wa Mama Nice

Anastazi alipostaafu ubwana shamba, watu wa Bukiriro walidhani atafuga nguruwe au atafungua duka la pembejeo kama walivyofanya wenzake. Yeye alinunua mabuti mapya ya mpira, akaendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri na kwenda kutazama ndege.

Mazoea hayo aliyapata kazini. Mwaka mmoja kwelea-kwelea walivamia mtama mabondeni, na ofisi ikamtuma azunguke na mtaalamu mmoja mgeni aliyekuja kuhesabu makundi yao. Walikaa pamoja wiki tatu. Mtaalamu alipoondoka alimwachia darubini yake, pamoja na kitabu cha picha za ndege kilichokwisha kuchanika jalada. Tangu hapo bwana shamba alikagua migomba ya watu shingo ikiwa juu. Wakulima walimzoea. Ulikuwa unamweleza habari ya mnyauko ulioingia shambani kwako, ghafla anakunyamazisha kwa kidole, anasikiliza, anasema, "Tiva huyo," kisha anakuambia uendelee.

Kila ndege aliyemwona kwa mara ya kwanza alimwandika daftarini: jina, mahali, saa, hali ya hewa. Kwa miaka ishirini na sita alifikisha ndege mia mbili themanini na saba. Darubini hakumpa mtu aishike, hata binti yake Nice alipokuwa mdogo na kuililia.

Halafu likaja kundi la WhatsApp. Alilianzisha Mwalimu Josefina, anayefundisha biolojia sekondari kule Biharamulo, akaliita Ndege Wetu, akamweka Anastazi kuwa msimamizi mwenzake. Waliingia watu hamsini na kitu: walimu, wauguzi, askari wa wanyamapori wawili, padre mmoja, na Wiston, mwenye nyumba ya wageni pale Nyakanazi, aliyekuwa na kamera yenye lenzi ndefu kama mkono wa mtu. Kila mmoja alituma alichokiona uani kwake, shambani, au pembezoni mwa hifadhi ya Burigi. Ubishi ulipozuka juu ya jina la ndege, mtu aliandika, "Tumsubiri Mzee Anastazi." Naye Mzee Anastazi, ambaye alikuwa ameusoma ubishi wote tangu mwanzo, alikaa kimya dakika kumi hivi ndipo akajibu. Jibu lake lilimaliza mambo. Zilikuwa dakika tamu kuliko zote katika siku yake.

Mkewe Marsiana hakuwa na habari na ndege, au ndivyo Anastazi alivyoamini. Kazi zake zilikuwa shamba, mbuzi, jumuiya, na uani. Nice alipomnunulia baba yake simu mpya, ile ya zamani, yenye ufa kwenye kioo, akapewa mama. Josefina alikuja siku moja kumsalimia mzee, akakaa jikoni na Marsiana wakimenya viazi, na kabla ya kuondoka akamwingiza kwenye kundi.

"Anaingia kufanya nini?" Anastazi aliuliza.

"Atatuchangamsha," Josefina akasema.

Ujumbe wa kwanza wa Marsiana ulikuja siku ya tatu. "Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nauliza, ni nani hawa wenye mikia mirefu kama mwiko wa ugali, wanaokula mapapai yangu kisha wanalala wakining'inia tumbo juani kama nguo za mtoto?"

Kundi zima lilicheka. Watu kumi na tisa walijibu kwamba ni kuzumburu, na padre akaandika kwamba hajapata kusikia kuzumburu wakielezwa vizuri namna ile. Siku hiyo hiyo Anastazi alikuwa ametuma habari ya tiva wa mafunjo, kifua chekundu kama damu, ambaye alimvizia kwa saa nne mabondeni mwa mto Ruvubu akiwa na maji hadi magotini. Alipata vidole gumba viwili. Kimoja kilikuwa cha Josefina, na Josefina humpa kila mtu.

Basi ikawa hivyo. Anastazi alitoka alfajiri, akatembea hadi mabuti yakamchubua, akarudi na ndege mmoja wa maana. Marsiana alifua, akafagia, akatwanga, na ndege wakamjia. Kurumbiza, kwa maneno yake, alikuwa mtu aliyesahau wimbo katikati ya misa kisha akaukumbuka. Kindege cheusi na cheupe kinachotikisa mkia kila kikipiga hatua alikiita karani, akaandika kwamba kila asubuhi kinakuja kukagua ua wake na hakijaridhika bado. Watu wakaanza kuuliza, "Mama Nice, karani amesemaje leo?" Wiston akatuma salamu kutoka Nyakanazi kwamba madereva wa malori waliolala kwake wanasomewa habari za karani wakati wa chai.

Anastazi akaanza kusahihisha. Marsiana akiandika "mwewe", yeye anaandika, "Mwewe gani? Wapo zaidi ya mmoja. Tuwe makini." Akisema wapo watano, yeye anauliza alihesabuje. Mezani wakikaa, hakumwuliza neno juu ya ndege. Aliyamalizia yote mle kwenye kundi, mbele ya watu, naye akijua kwamba mkewe yuko chumba cha pili anasoma. Marsiana alijibu kila mara, "Asante Mzee, nimejifunza." Jibu hilo lilimkera kuliko matusi.

Alikuwepo ndege mmoja ambaye Anastazi alikuwa amemtafuta miaka kumi na moja. Ni zuwakulu uso-mwekundu, mwenye mwili mweusi, mdomo mnene, na wekundu usoni kana kwamba amechovya kichwa katika rangi. Kitabu kilisema anaishi kona hii ya nchi na ng'ambo kidogo ya mipaka, basi. Anastazi alikuwa amemtafuta pori la Kimisi na kando ya Burigi. Mara moja akamsikia, au alidhani amemsikia, akakimbia kuelekea sauti hadi akapoteza kofia. Wengine kwenye kundi hawakuwa wamemwona pia, na hilo lilimpa faraja fulani ambayo hakupenda kuichunguza.

Jumanne moja ya mwezi wa nane, akiwa ameketi juu ya jiwe kule Ruvubu akimwaga maji kutoka kwenye buti, simu ikalia. Marsiana ameandika: "Hapa nyuma ya jiko, kwenye tawi kavu la mvumu, yupo ndege mweusi uso mwekundu. Wapo wawili. Wanatoboa tawi kwa zamu, na mmoja akikwaruza kama sufuria mwenzake anaitikia. Jamani, si ndiye yule wa Mzee?"

Picha aliyoiambatisha ilikuwa na ukungu. Lilionekana tawi, na juu yake doa jeusi lililoweza kuwa ndege au soksi. Lakini Anastazi alisoma maneno yale mara ya pili, akaona kwamba hakuna namna ya kuyaandika bila kumwona ndege mwenyewe. Mkuyu ule, ambao yeye tangu utotoni aliuita umuvumu kwa Kihangaza, aliupita kila alfajiri akienda mbali.

Akajibu pale pale, bila kusubiri dakika kumi. "Huyo ni zuwakulu wa kola nyeusi. Ni wa kawaida. Picha haionyeshi kitu."

Alipofika nyumbani Marsiana alikuwa amemwekea kigoda kuelekea mti. "Baba Nice, keti uone. Wametoka sasa hivi, watarudi."

"Nimechoka," akasema, akaingia ndani kulala saa saba mchana, jambo ambalo hakupata kulifanya hata alipougua malaria.

Jumatano Marsiana alikwenda misa ya asubuhi. Anastazi alisubiri hadi hatua zake ziishe njiani, akachukua darubini, akaingia jikoni na kusimama nyuma ya mlango kama mwizi wa kuku. Saa kumi na mbili na nusu walikuja. Walikuwa wawili. Wekundu uliishia usoni, kifua kilikuwa cheusi tii, na ubawani ulipita ukingo wa njano kama uzi. Mmoja aliingiza kichwa tunduni, akakitoa na kutema vumbi la mti. Kisha wakaimba, mmoja akianza na mwingine akidakia, na ilikuwa sufuria kweli.

Alikuwa amejiandaa miaka kumi na moja kwa furaha ya siku hiyo. Ilikuja, akaisikia ikipanda kifuani, halafu ikakutana njiani na kitu kingine na kusimama. Akalifungua daftari kwenye ukurasa wa mwisho. Akaandika namba, mia mbili themanini na nane, akaishikilia kalamu. Nafasi ya "mahali" ilimtaka aandike: uani kwangu. Akaufuta ule wino kwa kidole hadi karatasi ikatoboka.

Mchana Josefina alitangaza kwamba Jumamosi watu wanane watakuja Bukiriro kumtazama zuwakulu wa Mama Nice. Jina lilikuwa limekwisha kupatikana. Hata padre alilitumia.

Alhamisi Marsiana alikwenda Ngara mjini kutafuta mchele wa wageni. Anastazi alikunywa chai yake yote. Aliosha kikombe. Akachukua shoka na ngazi, akapanda mvumu, na kwa mapigo ambayo hakuyahesabu akalikata lile tawi kavu.

Lilianguka mbali na jiko, likapasuka. Alishuka akachuchumaa, akatia mkono tunduni. Kulikuwa na unyevunyevu wa vumbi la mti lililochimbwa karibuni na unyoya mmoja wenye ukingo wa njano. Mayai hayakuwemo wala vifaranga. Akashusha pumzi, na hapo hapo akatambua kwamba alipokuwa juu ya ngazi hakujua kama hayamo. Alikata bila kujua. Alikaa chini karibu na tawi lile muda mrefu, shoka likiwa mapajani. Mle mtini mlikuwa kimya.

Marsiana aliingia uani jioni na mfuko kichwani. Akasimama.

"Baba Nice."

"Naam."

"Tawi lile."

"Lingekuja kuangukia jiko. Wageni wanakuja, nikaona nisije nikaumiza watu. Wewe mwenyewe si ulisema likatwe?"

"Nilisema masika ya mwaka juzi. Nikasema tena mwaka jana."

"Ndiyo hivyo, leo nimelikata."

"Leo," Marsiana akasema.

Aliutua mfuko. Akaenda kwenye tawi, akachuchumaa pale pale alipochuchumaa yeye, akatia mkono. "Asante Mungu, hawakuwa wametaga," akasema, na hakuwa anamwambia mumewe. Kisha akaenda kuwasha moto.

Anastazi alisubiri ugomvi, haukuja. Ijumaa Marsiana alichambua mchele, akaazima vikombe kwa jirani. Jioni akaandika kwenye kundi: "Wapendwa, tawi kavu limeanguka, ila mti una matunda mengi, tuna matumaini watarudi. Karibuni sana." Anastazi alilisoma neno lile, limeanguka, akalirudia mpaka kioo cha simu kikazimika chenyewe. Kama mkewe angemtaja, angejua la kumjibu. Maneno alikuwa ameyaandaa.

Jumamosi Wiston aliwaleta wenzake kwa gari lake kabla ya saa moja. Walisalimiana, wakajipanga nyuma ya jiko kwenye viti vilivyoazimwa kanisani. Waliwaona kuzumburu, wakamwona karani akipita katikati ya miguu yao kukagua, wakafurahi kama watoto. Waliona chozi, waliona shorwe wakigombania matunda. Zuwakulu hakuonekana. Ikafika saa tatu, saa nne. Ilipokaribia saa tano Wiston aliiweka kamera mapajani.

"Mama, samahani, sina nia mbaya," akasema. "Huyu mwenye kola nyeusi naye ana uso mwekundu. Ukimwona haraka, na jua likiwa usoni, ni rahisi kuchanganya. Mzee mwenyewe aliandika hivyo Jumanne."

"Mimi nilimwona," Marsiana akasema kwa upole.

"Sisemi hukuona ndege. Nasema ndege gani."

Wengine wakatazama chini. Mmoja akapiga miayo, akaifunika kwa mkono. Josefina akamgeukia Anastazi. "Mzee, wewe unalala hapa hapa. Ulipata kumwona?"

Marsiana alikuwa anamimina chai. Hakuinua macho, wala hakusita. Anastazi aliangalia vile viganja vyake, vile vidole vilivyoingia tunduni Alhamisi, na akajua kwamba akisema "sikumwona" hakuna mtu duniani atakayembishia. Hata yeye Marsiana hatambishia. Atamimina chai tu, atasema asante Mzee, nimejifunza.

"Nilimwona," akasema.

Wakageuka wote.

"Jumatano, saa kumi na mbili na nusu, anga safi. Walikuwa wawili. Wekundu usoni tu, kifua cheusi, ukingo wa bawa njano. Si wa kola nyeusi. Nilijua tangu Jumanne kwamba si wa kola nyeusi."

"Sasa mbona hukutuambia?" Josefina akauliza.

"Kwa sababu aliyemwona kwanza si mimi."

Alidhani ataweza kuishia hapo, lakini sauti iliendelea yenyewe. "Na tawi halikuanguka. Nililikata. Nilijua wanatoboa kiota, nikalikata."

Wiston alikifunga kifuniko cha lenzi taratibu, kana kwamba kulikuwa na mgonjwa karibu. Josefina akakiweka kikombe chake chini. Aliyewaokoa wote ni Marsiana. "Karibuni mle kwanza," akasema, "wali utapoa." Wakala. Walizungumza habari za barabara ya Nyakanazi na bei ya kahawa, na hakuna aliyemtazama mzee usoni. Walipoondoka kila mmoja alimshika Marsiana mkono kwa mikono miwili.

Jioni ile simu ilimjulisha Anastazi kwamba yeye si msimamizi tena wa kundi. Hakuna aliyeandika sababu. Tangu hapo mtu akiuliza jina la ndege, walijibizana wenyewe, wakikosea na kusahihishana.

Nyumbani Marsiana alimpikia, akamwekea maji ya kuoga, akamwambia mbuzi gani ana mimba. Zaidi ya hayo hakusema. Kwenye kundi pia alinyamaza, watu wakauliza habari za karani hadi wakachoka. Siku ya kumi na mbili, wakipukuchua maharage, Anastazi hakuweza kuvumilia tena.

"Nitukane basi," akasema.

"Ungeniambia tu kwamba unaona wivu."

"Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo." Marsiana alitupa maganda pembeni. "Miaka ishirini na sita unatoka alfajiri, unarudi na habari za ndege. Nani alikuwa anakusikiliza? Nice alikuwa analala. Wakulima wako walikuwa wanakucheka. Majina yote ninayoyajua nimeyapata kwako hapa hapa jikoni. Wale ndege walipokuja niliwatambua kwa maneno yako, Baba Nice. Nikadhani utafurahi."

Anastazi alikuwa na ganda la haragwe mkononi. Alilifungua, halikuwa na kitu, akaendelea kulishika.

"Nisamehe," akasema.

"Nitakusamehe," akajibu Marsiana. "Bado, lakini nitakusamehe."

Mvua za vuli zilipoanza, asubuhi moja Marsiana alikuja mlangoni mikono ikiwa na unga. "Wapo hapo jirani kwa Fideli, kwenye mkuyu wa katikati ya kahawa. Nawasikia tangu alfajiri. Unakuja au hutaki?"

Walikwenda wote wawili wakiwa wamejifunika gunia moja. Anastazi aliivua darubini shingoni na kumpa. Marsiana aliihangaikia, akaona majani tu, akamrudishia akisema macho yake yanamtosha. Na kweli alikuwa wa kwanza kuwaona, juu kulia, wawili, wakila tini. Jumapili Wiston alikuja na kamera, akapiga picha ambayo hata manyoya ya shingoni yanahesabika. Alipoituma aliandika, "Nilimbishia Mama Nice bila haki. Naomba radhi. Huyu ndiye zuwakulu wake." Mioyo na pongezi zikamiminika, arobaini na ngapi sijui, na padre akaandika mistari sita.

Anastazi alizitazama zikiingia moja moja, na wivu ule ukaamka tena, mzima, kana kwamba haujajifunza lolote. Akatoka nje. Akazunguka zizi la mbuzi mara mbili kwenye matope. Aliporudi aliandika, "Hongera, Mama Nice," akafuta, akaandika tena, akatuma.

"Nimeiona," Marsiana akaitikia kutoka jikoni.

Wivu haujamwisha. Kuna siku unalala, kuna siku unaamka naye. Daftarini sasa ana ndege mia mbili themanini na nane, na huyo wa mwisho ameandikwa juu ya karatasi iliyotoboka. Marsiana hana daftari, anasema wanaomjia wanajijua.

Wiki iliyopita Marsiana alimletea simu asikilize sauti aliyoirekodi mtoni alipokwenda kuloweka muhogo. Ilikuwa miluzi mitatu inayoshuka, kisha kimya, kisha mmoja unaopanda. Anastazi aliisikiliza mara nne. Akafungua kitabu, akakifunga.

"Simjui," akasema.

"Basi kesho twende wote."

Alfajiri alisimama mlangoni, mabuti miguuni, darubini shingoni. Mto haukuwa mbali, na saa ile ndege yule angekuwa anaanza kuimba. Marsiana alikuwa bado amelala, amejifunika hadi sikioni. Alimtazama, akautazama mlango, akafikiri kwa muda ambao hatapenda kuutaja.

Kisha akamwamsha.